Mwani na Maji Yake: Yakupasayo Kujua Kabla ya Kununua

Pakiti mbili za mwani mkavu zaweza kukaa sambamba katika rafu moja ya duka, zikiwa na rangi moja, uzito mmoja na bei moja, ilhali zimetoka katika maji yasiyofanana hata kidogo. Ya kwanza yaweza kuwa imevunwa katika maji mapana ya pwani ya mashariki ya Unguja, yanayobadilishwa na bahari kila kujaa na kupwa. Ya pili yaweza kuwa imeokotwa kwenye mwamba uliozama ndani ya hori, mahali ambapo maji ya mto, ya mvua na ya michirizi ya mji hukusanyika na kukawia. Jicho la mnunuzi haliwezi kuzitenganisha, wala pua yake haiwezi daima.

Mwani sasa umeingia jikoni, bafuni na hata katika kabati la dawa za nyumbani. Unauzwa mkavu, unauzwa kama unga wa kutia katika uji na maji ya matunda, unauzwa kama sabuni, mafuta na losheni. Maswali tunayoulizwa na wanunuzi huwa juu ya bei na faida zake kwa mwili. Swali tunalolisikia kwa nadra ndilo lililo la kwanza kwa uzito, nalo ni hili: mwani huu umeota katika maji gani?

Katika makala hii tunaeleza kwa nini swali hilo hutangulia mengine yote. Tutaanza na mmea wenyewe, kisha tutaingia horini na kutazama jinsi mwani unavyojigawa mwambani kwa kadiri ya chumvi ya maji, halafu tutarudi sokoni na jikoni kwa ushauri ambao kila mnunuzi anaweza kuufuata.

Mwani hauna mizizi

Mhogo hunyonya chakula chake ardhini kwa mizizi. Mwani hauna mizizi. Kile kinachoonekana kama mzizi, kilichong'ang'ania jiwe, ni kishikizo tu. Kazi yake ni kuuzuia mmea usichukuliwe na mkondo. Mwamba ni pa kusimama, haumlishi mkazi wake. Chakula chote cha mwani, yaani naitrojeni, fosforasi na madini mengine, huingia kupitia ngozi ya mmea mzima, kutoka katika maji yaliyouzunguka.

Kwa hiyo maji ndiyo shamba la mwani, ndiyo mbolea yake na ndiyo mvua yake. Maji yakiwa safi, mmea hupata kilicho safi. Maji yakiwa na kinyesi, sabuni, mbolea ya mashambani, mafuta ya injini au madini mazito ya karakana, mmea hauna mlango wa kufunga. Zaidi ya hayo, kuta za chembe za mwani zimejengwa kwa aina za wanga ambazo zina tabia ya kuyanasa madini yaliyoyeyuka majini. Tabia hiyo ndiyo inayoufanya mwani uwe na utajiri wa madini yanayotufaa, na ndiyo hiyo hiyo inayoufanya ukusanye yanayotudhuru. Mmea hauchagui kwa ajili yetu.

Hori na maji ya chumvichumvi

Kwa neno hori tunakusudia mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu, wenye mlango mwembamba na maji yaliyotulia. Mawimbi ya bahari kuu hayafiki humo. Mito, mvua na chemchemi za chini ya ardhi humwaga maji matamu ndani yake, na hapo huzaliwa maji ya chumvichumvi, ambayo si ya bahari kamili wala si ya mto.

Bahari yetu ya wazi ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji. Ndani ya hori kiasi hicho hupungua kadiri mtu anavyoelekea mahali mto unapoingilia, na hubadilika kwa majira. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na mito ikiwa imekauka, chumvi hupanda. Masika yakifika, kati ya Machi na Mei, mito hufurika na chumvi hushuka kwa siku chache tu. Tena maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hivyo huelea juu. Mwani ulioshika sehemu ya juu ya mwamba unaweza kuwa umefunikwa na maji ya mvua, huku mwenzake aliye chini kidogo, katika jiwe lile lile, akibaki katika maji ya bahari.

Mifano iko karibu nasi. Hori la Tudor, linalokizunguka kisiwa cha Mombasa upande wa kaskazini-magharibi, hupokea mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu na lina mlango mwembamba wa kutokea baharini. Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, hupokea mito ya Kidogoweni na Mkurumuji. Ghuba ya Chwaka, mashariki mwa Unguja, haina mto mkubwa. Maji matamu huifikia zaidi kwa kupenya chini ya ardhi kupitia mawe ya matumbawe. Kwa hiyo majina haya matatu ya pwani moja ni maji matatu tofauti, na mwani wa kila mahali huishi kwa sharti la maji yake.

Kuna jambo la pili linalolitofautisha hori na bahari ya wazi, nalo ni kukawia kwa maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji huingia na kutoka kwa nguvu na sehemu kubwa ya hori husafishwa. Wakati wa maji mafu, yaliyo katika pembe za ndani kabisa husogea kidogo tu mbele na nyuma. Uchafu ulioingia humo haupati haraka njia ya kutoka. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mwani ulioshika mwamba wa ndani ya hori, kifuu hicho ndicho bahari yote aijuayo.

Nani huishi wapi mwambani

Anayetembea kutoka mlangoni mwa hori hadi ndani yake, maji yakiwa yamekupwa, huona mwani ukibadilika hatua kwa hatua. Si lazima ajue majina ya kitaalamu ili aone, lakini kujua machache kunasaidia.

Mlangoni, ambako maji yana chumvi kamili na hayatulii, huota mwani wa kahawia ulio mgumu, kama vile Sargassum wenye vipovu vya hewa na Turbinaria wenye majani yaliyopanuka ncha. Hapo pia huota mwani mwekundu wa jamii ya Eucheuma, ndugu wa ule unaolimwa, pamoja na Halimeda wa kijani, ambao mwili wake umejaa chokaa na haufai kutafunwa. Aina hizi hupenda maji yanayobadilishwa daima. Chumvi ikishuka sana, nyingi kati yake hudhoofika.

Katikati ya hori aina hupungua. Hapo huonekana zaidi mwani mwekundu wa jamii ya Gracilaria, wenye matawi membamba yaliyojaa maji, ambao huvumilia mabadiliko ya chumvi kuliko Eucheuma. Kwenye mizizi ya mikoko na mawe yaliyo kivulini hujishika mwani mdogo mwekundu-mweusi wa jamii za Bostrychia na Caloglossa, usio na thamani sokoni lakini wenye makao yake maalumu katika maji ya namna hiyo.

Ndani kabisa, karibu na mdomo wa mto au mchirizi, mara nyingi hubaki mfalme mmoja, naye ni Ulva. Huja kwa sura mbili: ya majani mapana na laini kama mchicha mwembamba, na ya mirija myembamba kama nyuzi. Ulva huvumilia chumvi nyingi na chumvi kidogo sana, naye hukua kwa kasi mno akipata naitrojeni nyingi. Maji taka na mbolea iliyosombwa na mvua vina naitrojeni hiyo kwa wingi. Kwa hiyo tandiko zito la kijani linaloteleza juu ya kila jiwe karibu na mchirizi, pasipo aina nyingine kando yake, ni dalili ya maji yaliyolishwa kupita kiasi.

Tunamwomba msomaji aielewe hoja hii vizuri. Ulva yenyewe si sumu. Katika nchi nyingi ni chakula kinachopendwa. Tunachosema ni kwamba mahali inapostawi kuliko mimea yote mara nyingi ni mahali pa mwisho ambapo ungetaka kuichuma. Mwani mwingi haumaanishi mwani mzuri, na kijani kibichi kinachong'aa si cheti cha usafi.

Kinachobaki ndani ya mmea

Hatari zinazoweza kufuatana na mwani wa maji yaliyofungika ni za namna tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni vimelea. Maji yenye kinyesi huacha bakteria juu ya mmea. Kuosha kwa maji safi na kupika kwa moto wa kutosha huziua. Kukausha peke yake hakutoshi, kwa kuwa bakteria nyingine huvumilia ukavu na huamka mwani unapolowekwa tena. Anayeloweka mwani kisha kuusaga mbichi katika maji ya matunda anaruka hatua hiyo ya moto.

Ya pili ni madini mazito: risasi, kadimiamu, aseniki na zebaki. Haya hayauawi na moto. Kupika, kukausha wala kusaga hakuyaondoi. Na mwani unapokauka, uzito wa maji huondoka na madini hubaki, hivyo kila gramu ya mwani mkavu hubeba mengi kuliko gramu ya mwani mbichi. Kwa kadimiamu kuna jambo la kuzingatia zaidi horini. Katika maji ya chumvi nyingi, sehemu kubwa ya kadimiamu hufungamana na kloraidi iliyomo katika chumvi. Chumvi inapopungua, sehemu iliyo huru huongezeka, na viumbe vya majini huichukua kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo kiasi kile kile cha uchafu kinaweza kuingia mmeani kwa wingi zaidi katika maji ya chumvichumvi kuliko katika bahari ya wazi.

Mataifa mengine yameliona jambo hili na kuchukua hatua. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 3 za kadimiamu kwa kilo moja ya virutubisho vya nyongeza vilivyotengenezwa kwa mwani mkavu. Uingereza, mwaka 2004, mamlaka ya viwango vya chakula iliwashauri wananchi wasile mwani wa kahawia uitwao hijiki, kwa sababu ya aseniki iliyopatikana ndani yake. Mwani huo si wa pwani yetu, lakini funzo lake latuhusu: chakula kilicholiwa kwa vizazi kinaweza kuwa na dosari isiyoonekana mpaka kipimwe.

Ya tatu ni sumu ya asili, ambayo hutokea kwa nadra lakini haipaswi kusahauliwa. Mwaka 1991, katika kisiwa cha Guam kilichoko bahari ya Pasifiki, watu 13 waliugua baada ya kula mwani mwekundu wa jamii ya Gracilaria uliochumwa pwani, na watatu kati yao walifariki. Mwani huo ulikuwa umezoeleka mezani. Hatulisemi hili ili kumtisha mtu. Tunalisema ili kuonyesha kwamba maneno “tumeula siku zote” hayatoshi pale ambapo hali ya maji imebadilika.

Madini joto: kiasi kidogo hutosha

Mwani una madini joto, yaani iodini, ambayo tezi ya shingo huyahitaji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mama mjamzito au anayenyonyesha. Kiasi hicho ni kidogo sana, na mtumiaji wa chumvi yenye madini joto huwa tayari amekwisha kukipata kwa sehemu kubwa. Wataalamu wa Ulaya wameweka mikrogramu 600 kwa siku kuwa kikomo cha juu kwa mtu mzima.

Mwani wa kahawia wa bahari za baridi unaweza kuwa na iodini nyingi hata gramu moja ikavuka mahitaji ya siku nzima mara nyingi. Mwani mwekundu unaolimwa kwetu kwa kawaida hauna kiasi kama hicho, lakini kiasi chake hubadilika kwa mahali, kwa majira na kwa namna ulivyooshwa. Hivyo, vijiko viwili vikubwa vya unga kila asubuhi, kila siku, bila kujua kipimo chake, si jambo la kushauriwa. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, mama mjamzito, anayenyonyesha, na kila atumiaye dawa za tezi au za kuyeyusha damu, na amwone daktari kabla ya kuanza. Unga wa mwani usitiwe katika chakula cha mtoto mchanga bila ushauri wa mhudumu wa afya.

Majina ya sokoni

Katika masoko ya Ghuba, Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na sasa hata katika maduka ya mitandaoni ya hapa kwetu, mwani mwekundu mkavu huuzwa kwa jina la Kiingereza Sea Moss, na pengine Irish Moss. Jina hili la pili kwa haki ni la mwani uitwao Chondrus crispus, unaoota kwenye miamba ya Atlantiki ya kaskazini penye maji ya baridi. Mwani mwingi unaouzwa kwa jina hilo si huo; ni Eucheuma, Kappaphycus au Gracilaria kutoka bahari za joto, Zanzibar ikiwa miongoni mwake. Kuwa tofauti si kuwa duni. Kosa ni kumwuzia mtu kitu kwa jina la kitu kingine na kwa bei ya kitu hicho kingine.

Lipo pia tangazo maarufu lisemalo kwamba mwani huu una “madini 92”. Msomaji na apime mwenyewe. Ukihesabu elementi kwa mpangilio wake kutoka haidrojeni hadi urani, utapata 92 kamili. Ndani ya orodha hiyo mmo risasi, zebaki, aseniki na urani yenyewe. Mwili wa binadamu hauhitaji madini 92, na bidhaa ambayo kweli ingekuwa nayo yote ingestahili kuondolewa rafuni. Mwuzaji anayetegemea tangazo la namna hii mwombe matokeo ya maabara ya fungu unalolinunua, yakionyesha kiasi cha risasi, kadimiamu, aseniki na iodini.

Vivyo hivyo usikubali madai kwamba mwani huponya saratani, kisukari au shinikizo la damu. Chakula si dawa iliyosajiliwa, na mgonjwa anayeacha dawa zake kwa sababu ya unga wa mwani anaweza kulipia kosa hilo kwa uhai.

Mwani wa shambani na mwani wa mwambani

Kabla ya kilimo, mwani wa pwani yetu uliokotwa miambani na fukweni na kusafirishwa nje. Kilimo cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa aina zilizoletwa kutoka Ufilipino, kikifuata utafiti ulioongozwa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakulima walio wengi ni wanawake. Hupigilia vigingi katika maji mafupi, hukaza kamba, hufunga vipande vya mbegu na kuvuna baada ya wiki sita hivi. Mwani mbichi wa kilo saba au nane hutoa takriban kilo moja ya mkavu. Sehemu kubwa huuzwa nje, ambako hukamuliwa karajini, kitu cha kuzito ambacho msomaji amekwisha kukila au kukitumia bila kujua. Katika vifungashio vya aiskrimu na maziwa huandikwa E407, na kile kisichosafishwa kikamilifu huandikwa E407a.

Mwani wa shambani una faida moja kubwa kwa mnunuzi: asili yake inajulikana. Mkulima anajua kamba zake ziko wapi, amefunga lini na amevuna lini. Tena Eucheuma na Kappaphycus hazipendi maji matamu. Joto likizidi au mvua ikishusha chumvi, matawi huwa meupe, hulainika na kukatika. Kwa sababu hiyo wakulima wenyewe huepuka midomo ya mito. Hata hivyo, shamba lililo jirani na mchirizi wa hoteli au wa kijiji halilindwi na ustadi wa mkulima.

Mwani wa kuokotwa mwambani hauna kumbukumbu hiyo. Ukichanganywa gunia moja kutoka sehemu tano, hakuna awezaye kusema umetoka maji gani. Hatusemi usinunuliwe, twasema anayeuuza awe na jibu.

Mbele ya mwuzaji

Tunakushauri uulize maswali haya manne, kwa utulivu na kwa heshima:

1. Ni mwani wa aina gani, wa kulimwa au wa kuokotwa?
2. Umetoka kijiji gani, na je, ni bahari ya wazi au ni ndani ya hori?
3. Umevunwa mwezi gani? Mwani wa masika hukauka kwa shida, na mara nyingi hunyeshewa ukiwa uwanjani.
4. Umekaushwa wapi? Uliokaushwa juu ya vichanja au nyavu zilizoinuliwa huwa safi kuliko ulioanikwa mchangani au kando ya barabara.

Baada ya majibu, tumia macho na mikono. Kung'uta kidogo juu ya kitambaa cheupe. Mchanga mwingi ni uzito unaoulipia bure. Ukungu wa kijivu au mweusi na harufu ya uvundo ni sababu ya kukataa. Unga mweupe wa chumvi juu ya matawi si kasoro, isipokuwa ni mzito kupita kiasi. Rangi isikudanganye: mwani ule ule unaweza kuwa wa zambarau, wa kahawia au wa dhahabu kwa kadiri ulivyooshwa na kupigwa jua.

Kwa bidhaa iliyofungashwa, soma jina la aina, mahali ilikotoka, jina la mtengenezaji, namba ya fungu, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na uzito halisi. Tafuta alama ya ubora: ya TBS kwa Tanzania Bara, ya ZBS kwa Zanzibar, ya KEBS kwa Kenya. Daima dai risiti. Pasipo risiti, lalamiko lako halina mguu wa kusimamia.

Nyumbani

Osha mwani mkavu mara tatu kwa maji safi, kisha uloweke saa kadhaa mahali pa baridi, na maji hayo uyamwage. Hupunguza chumvi na sehemu ya iodini, ingawa hayaondoi madini mazito yote. Pika uchemke kabla ya kusaga. Uliopikwa uhifadhiwe katika jokofu na utumike ndani ya siku chache. Ule mkavu ukae katika chombo kilichofungwa, mbali na unyevu. Ula kwa kiasi, si kila siku, na usitegemee chanzo kimoja mwaka mzima. Kwa sabuni na losheni, jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono na usubiri siku moja.

Ukiokota mwenyewe

Anayeokota kwa ajili ya jiko lake na aepuke miamba iliyo karibu na michirizi, gati, karakana za boti, majalala na midomo ya mito ipitayo mjini. Asiokote kwa siku kadhaa baada ya mvua kubwa. Achague mwani uliosimama mwambani, si ule uliotupwa ufukweni ambao haujulikani umekaa kwa muda gani. Akate kwa kisu juu ya kishikizo badala ya kung'oa, ili mmea uchipue tena. Jiwe lililovuliwa mwani wake huwanyima makao samaki wachanga na kaa wadogo. Na aina asiyoijua aiache.

Neno la mwisho

Mnunuzi anayeuliza “umetoka wapi?” hajilindi peke yake. Humlinda pia mkulima aliyeinamia kamba zake katika maji safi na kukausha juu ya vichanja, ambaye leo hulipwa bei ile ile na aliyekusanya ovyo. Swali likiulizwa na wengi, mwuzaji atalazimika kuwa na jibu, na mwenye jibu jema atapata bei njema. Na jamaa waishio kando ya hori watakuwa na sababu moja zaidi ya kudai mchirizi wao usielekezwe majini.

Ukiuziwa mwani wenye uvundo, wenye lebo ya uongo au uliokudhuru, hifadhi mabaki, kifungashio na risiti, kisha fikisha lalamiko katika ofisi ya viwango iliyo karibu nawe. Mtu akiugua baada ya kula mwani, mpeleke kituo cha afya mara moja, na uchukue kipande cha ule alioula ili mganga aonyeshwe.